Viti vya Sibwesa: Kaa Uone, Halafu Uniambie!

Jamani! Jamani jamani! Nimetoka kuvikalia sasa hivi, mgongo bado unaniuliza tunarudi lini, na sitatulia mpaka nikusimulie. Viti! Ndiyo, viti vya meza ya chakula, tena vya kisasa hasa, vizuri mno, vinono, vya heshima, vya kukufanya uombe nyongeza ya ugali hata kama umeshiba ndi, ilimradi usiinuke. Na viko wapi? Utadhani Masaki, utadhani Mikocheni, utadhani ni zile picha unazozipitisha simuni usiku ukitamani peke yako. Viko Sibwesa! Sibwesa hii hii ya wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, ambako ukiagiza kitu Mpanda unakiombea dua mpaka Fuso litokeze na vumbi lake. Basi vimefika. Vimepangwa, vimekaliwa, mgebuka umeliwa, watu wamegoma kuinuka. Na bado!

"Shikamoo shangazi!" Hata sijamaliza kusalimia, macho yameshakimbilia mezani. "Marahaba mwanangu, pangusa miguu kwanza, halafu kaa, usiogope." Sasa nikae wapi? Maana meza ni moja, ndefu, ya mninga, ya miaka mingi, lakini viti ni vya aina tatu na kila aina inaniita. Kichwani huku na kichwani kule, viti viwili vya mahameli ya kijani, kijani kile kilichokolea, na miguu ya rangi ya dhahabu. Vimetumwa na kijana wake aliye Dar. Upande wa dirishani viwili vya plastiki, vyeupe pe, vyenye miguu ya mbao. Na upande wa mlangoni, ndugu yangu, shika moyo, viti vinne vya mninga mpya, mgongo umepindwa, siti imesukwa kwa kamba, kazi ya fundi wa Mpanda mjini. Vinane! Vya aina tatu! Meza moja! Na havigombani hata kidogo! Hilo nitalirudia, nikisahau nikumbushe.

Nikaanza na mahameli. Nani asingeanza na mahameli? Unapitisha kiganja kwenda kulia, rangi inakolea. Unakirudisha kushoto, inapauka. Unaandika jina lako kwa kidole, unalifuta, unaliandika tena, mtu mzima na ndevu zako. Halafu unakaa. Aaah! Sponji inakupokea, inashuka, inasita, inagoma kushuka zaidi. Hapo inapogoma ndipo pa kuangalia unaponunua kiti cha sponji. Piga ngumi! Kabla hujatoa hata senti, bonyeza siti kwa ngumi. Ngumi ikigonga ubao huko chini, muage muuzaji kwa adabu uondoke, maana baada ya miezi michache sponji hiyo itakuwa nyembamba kama chapati na wewe utakuwa umekalia mbao iliyovaa nguo. Hii ya shangazi unaibonyeza, unatoa mkono, nayo inainuka polepole, polepole, mpaka inajaa tena pomoni. Raha iliyoje! Na bado, mgongo wa kiti umeviringika, unakushika mabegani, unajiona mheshimiwa, hata sauti inabadilika, unaanza kusema "kwa kweli" kila baada ya sentensi.

Lakini wewe na mimi ni watu wa Katavi. Mvua ikishakata, kuanzia hapo mpaka Novemba tunaishi na vumbi jekundu, na vumbi linaipenda mahameli kupita kiasi. Nilikipiga kile kiti kofi dogo tu la mapenzi, wingu likainuka! Shangazi akanitazama. "Hicho kina brashi yake, mwanangu, kila asubuhi." Haya. Na ile miguu ya chuma, myembamba, mizuri balaa juu ya vigae, kwenye sakafu ya udongo inazama, na kwenye saruji inakwaruza mpaka meno yanasisimka. Shangazi ameivisha vipira chini, hivyo sasa inateleza kimya kimya. Basi mahameli ndiyo, tena ndiyo kubwa, ila kwa viti viwili vya kichwani tu, cha mwenye nyumba na cha mgeni rasmi. Vinane vyote vya mahameli, kwa vumbi hili? Labda uwe umeajiri mtu wa kupangusa.

Plastiki sasa. Usikunje uso! Najua unawaza vile viti vyeupe vya kupandanisha, tulivyovikalia sote kwenye harusi na matanga, ambavyo ukoo wao unamfikia Mfaransa Henry Massonnet na kiti chake cha plastiki cha mwaka 1972. Hivi ni ukoo mwingine kabisa! Hivi ni bakuli moja laini, halina kona, halina ufa, linaikusanya nyonga yako yote kwa pamoja, halafu chini inachomoza miguu minne ya mbao iliyotawanyika kidogo kwa maringo. Wazo lilianza kwa mke na mume Wamarekani, Charles na Ray Eames, ambao viti vyao vya namna hiyo viliingia madukani mwaka 1950, na vya kwanza havikuwa hata vya plastiki hii tuijuayo, vilikuwa vya nyuzi za kioo. Hivi vya kwetu ni vya kuiga, kila mtu anajua ni vya kuiga, na nani anajali ukishakaa? Unakaa, kinakupa ubaridi kidogo, unashtuka, unacheka, sekunde chache kimeshika joto lako. Kinanesa! Mgongo wake una kaunyumbufu fulani, ukiegemea unarudi nyuma nawe kidogo, ukiinama kula unakufuata. Na mjukuu alimwaga uji wote, uji wa moto wa ulezi, nikapiga ukelele, shangazi akachukua kitambaa, mara moja tu, swii, kiti cheupe pe tena. Ingekuwa mahameli tungekuwa tunalia mpaka sasa.

Kero yake? Saa nane mchana, mwezi wa kumi, kaptura imepanda, paja linanata. Weka kipande cha kitenge au mto mwembamba, imekwisha.

Na jinsi vilivyokuja ndiyo kichekesho. Vilikuja ndani ya boksi, miguu mbali, bakuli mbali, skrubu kwenye kimfuko, shangazi akavifunga mwenyewe na bisibisi ya jirani. Ujanja wa zamani huo! Kule Vienna, Michael Thonet alianza mwaka 1859 kuuza kiti cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, kiti chake namba 14, na alikuwa anavisafirisha vikiwa vipande vipande, viti 36 ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Thelathini na sita! Mtu huyo angeijua barabara ya kuja huku kwetu angeipenda, maana Fuso moja lingemaliza kata nzima.

Haya, pumua. Sasa mninga.

Nimeviacha mwisho makusudi, na bado sijui nianzie wapi. Nianze na pua! Maana kabla ya kukaa, nilivuta harufu. Mninga mpya una harufu tamu, ya taratibu, na juu yake kulikuwa na harufu ya asali, nikadhani kuna mtu anakula asali jikoni. Kumbe ni kiti! Fundi hakuvipaka vanishi ile inayong'aa mpaka unajiona uso. Ameviparua kwa msasa, halafu akavipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta, akasugua kwa kitambaa mpaka mkono ukamuuma. Nta ya hapa hapa Katavi, mkoa wa mizinga na asali, tunayoichuja na kuiacha pembeni! Gusa sasa. Hainati, haitelezi, ina ule ulaini mkavu wa joto, laini nyororo, unaupapasa mgongo wa kiti huku unaongea mambo mengine kabisa, unashtuka mkono bado uko pale pale. Na rangi! Kahawia, halafu dhahabu, halafu michirizi myekundu inayokimbia kwenye mguu, inapotea, inaibukia kwenye egemeo. Mti huu ukikatwa unatoa utomvu mwekundu pyu wa damu, kila mtoto aliyekulia kwenye miombo anaujua, na ule wekundu kidogo umebaki humo kwenye mbao. Hakuna viti viwili vilivyofanana. Nimevizunguka vyote vinne, nimechagua changu, nimekipa jina, silitaji.

Umbo je? Mgongo ni upinde mmoja, umetoka kiwiko hadi kiwiko, na katikati nguzo moja yenye umbo la herufi Y. Nikamuuliza shangazi, huyu fundi kaota wapi? "Nilimwonyesha picha ya simuni." Picha hiyo, nikaitambua mara moja, ni ya kiti alichokibuni Hans Wegner wa Denmark mwaka 1949. Na Wegner mwenyewe alikuwa amevutiwa na viti vya kale vya Kichina! Hebu fikiria: Wachina wa zamani, akatazama Mdenmark, akatazama fundi wa Mpanda, na leo nimekaa mimi, Sibwesa, nakula mgebuka. Tena fundi wetu hakuiga kipofu. Kile cha Denmark kina siti ya kamba ya karatasi, kama mita 120 za kamba zinasukwa kwa mkono kwenye kiti kimoja tu. Karatasi, kwa masika yetu? Fundi akasuka kwa kamba nyembamba ya pamba, akaivuta kwelikweli, na hapo ndipo nilipopiga kelele.

Kwa sababu nilikuwa naogopa kamba! Nilijua itanichora mapaja. Nikakaa kwa tahadhari, nusu kitako. Haichori! Inabonyea kiasi kidogo tu, inakupa, inakurudishia, na upepo unapita chini yako, UPEPO, saa saba mchana, jua linawaka nje, mabati yanalia, na wewe chini hujalowa jasho! Nani kasema sponji ndiyo starehe? Waliokulia kwenye kitanda cha kamba walikuwa wanajua siku zote. Watu wa pwani nao walikuwa wanajua: vile viti vya enzi vya Lamu na Unguja, vya mpingo na vipande vya pembe, vya kukalisha wageni wakubwa, siti na migongo yake vilisukwa kwa nyuzi. Enzi hasa! Sisi tukaja tukavisahau, tukakimbilia sponji.

Na bado hatujala.

Chakula kikaja. Ugali, mgebuka wa Ziwa Tanganyika aliyekaangwa mpaka mapezi yanavunjika, matembele, pilipili pembeni. Sasa kiti cha chakula kinajulikana kwenye chakula, dukani kila kiti ni kizuri. Dukani unakaa dakika moja, umenyooka, mkoba mapajani, unatabasamu. Mezani unainama, unamega, unachovya, unageuka kumsikiliza mtu, unaegemea, unacheka, unarudi tena. Ukila kwa mkono unahitaji kiwiko kiwe huru! Ndiyo maana mimi na viti vya chakula vyenye mikono mirefu hatupatani: kiwiko kinagonga, na kiti hakiingii chini ya meza, kinabaki nje kinakwaza wapita njia. Vya shangazi upinde unaishia nyuma ya kiwiko, unakishika ukitaka, unakiacha ukimega. Nyayo zangu ziko chini zote mbili, zimelala tuli. Nyuma ya goti nikapitisha vidole, vinapita, siti hainikati. Kati ya paja na meza ngumi yangu inapita na nafasi inabaki. Vipimo siandiki, vimejaa kila mahali, meza nyingi zina sentimita 75 hivi na siti 45 hivi, basi, nimemaliza na hesabu. Mwili wako ndio futi kamba.

Tulikaa pale! Sahani zikaondolewa, tukakaa. Chai ikaja, tukakaa. Mjomba, ambaye nyumba zote anazokwenda hula haraka na kukimbilia mkeka kunyoosha mgongo, akaagiza kikombe kingine. Jua likazama, taa ya sola ikawashwa, mjomba yupo. Shangazi akaninong'oneza, "Hawa sasa hawataondoka." Sifa gani nyingine kiti kinahitaji?

Nilipiga magoti, ndiyo, mbele za watu, nikachungulia chini. Fanya hivyo na wewe, usione haya, uzuri wa juu kila mtu anauweza. Chini niliona ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake, umebana, gundi imefutwa, hakuna misumari inayochungulia kusubiri kanga ya mtu. Mahali pengine, na sitaji duka, niliwahi kuona viungo vimeshikwa kwa misumari mitupu na nyufa zimezibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, juu vanishi inang'aa, mnunuzi anashangilia. Ushike mguu wa mbele na mgongo, upinde kidogo. Kikilia sasa, kitaanguka na mtu baadaye. Na uliza mbao ilikauka muda gani! Mninga una sifa ya kutocheza sana, haujikunji ovyo kati ya masika na kiangazi, ndiyo maana maseremala wanauabudu, lakini mbichi ni mbichi, ikikauka ikiwa kwenye kiti viungo vinalegea tu.

Jambo moja kwa uso mkavu kidogo, halafu tunarudi kwenye raha. Mninga haukui haraka, ni mti wa miongo mingi. Muulize fundi kama mbao zake zina kibali cha TFS, wakala wa misitu, na alama ya nyundo ya misitu. Ni swali la kawaida, fundi halali hakasiriki, anakuonyesha. Wilaya yetu ina vijiji vinavyolipwa fedha za hewa ya ukaa kwa kuulinda msitu wa milima ya Ntakata, na viti vizuri hivi visiwe vya wizi wa msitu wa jirani yako.

Tumerudi! Nimekumbuka, nilikuahidi kuhusu kutogombana. Vipi mahameli, plastiki na mninga wakae meza moja bila kuonekana stoo? Nilisimama mlangoni nikatazama, nikakaa, nikatazama tena. Kwanza, siti zote ziko kimo kimoja, kwa hiyo vichwa vya watu viko sawa, hakuna anayekula akiwa mtoto na mwingine akiwa hakimu. Pili, mbao! Miguu ya vile vya plastiki ina kahawia inayousalimia mninga, na mninga unaisalimia meza. Dhahabu ya miguu ya mahameli nayo inaokota ile michirizi ya dhahabu ndani ya mbao, nilipoiona hiyo nilipiga makofi. Na kijani kiko vichwani tu, kimeanza upande huu kimemalizikia upande ule. Nimeona seti za viti sita pacha, bado zina nailoni, nyumba za watu wenye uwezo, zimenuna! Meza ya shangazi inacheka. Fundi samani wa Keko, kule Dar, angekuja na daftari.

Jikoni kigoda chake cha miguu mitatu bado kipo, na hakiendi popote. Miguu mitatu haiyumbi juu ya sakafu yoyote, hata ya mabonde. Miguu minne inadai sakafu sawa. Kiti kimoja cha mninga kilikuwa kinagonga, tok, tok, fundi alipovileta akakisogeza, akatazama, akaparua mguu mmoja kwa tupa kidogo sana, kikanyamaza. Ukinunua, kijaribu kwenye sakafu yako, siyo ya karakana.

Sasa sikiliza, mwenzangu, ukipita Mpanda ingia karakana ya fundi yeyote, usinunue siku hiyo. Omba kiti kimoja tu cha mfano, ukikalie, agiza hata chai na maandazi, ule umekikalia, uegemee, uiname, usikie mgongo unasema nini. Ukikubali, anza na viwili, vingine vitakuja. Mahameli weka vichwani, plastiki wape watoto, na pesa nyingi weka kwenye mninga wenye siti ya kamba. Na agiza sasa kabla ya mvua, barabara ikiwa bado inapitika. Mimi changu nimeshaagiza, na siazimi mtu!